CO2 ya hamira kwenye tangi la mimea inapogoma: dalili, chanzo na cha kufanya

Kabla ya yote, kama muda huu samaki wako wote wako juu midomo nje wanahema, acha kusoma. Chomoa mpira wa gesi kwenye tangi, washa mashine ya hewa, kama umeme hakuna chota maji ya tangi kwa kikombe uyamwage humohumo kutoka juu, endelea hivyo dakika kumi na tano, halafu badilisha maji theluthi moja. Wakitulia ndo urudi hapa.

Sasa tuendelee. Mi niko Mwanza, tangi langu la samaki na mimea ya majini ni la lita sitini na kidogo, nalisha mimea CO2 (ile gesi ambayo mimea inaitumia kukua) ya hamira na sukari kwa sababu mtungi wa gesi na regyuleta yake (kifaa cha kupunguza presha) ni hela ambayo wengi wetu hatuna ya kuweka kwenye majani. Na inafanya kazi, inafanya kazi vizuri kabisa, ila watu wengi wanaiacha ndani ya wiki mbili wakisema ni usumbufu. Nikiwauliza ilikuwaje nakuta karibu wote walifanya kosa moja: gesi ikipungua wanaongeza hamira. Ikipungua tena wanaongeza tena. Wakati shida ilikuwa kwenye kizibo. Kwa hiyo naomba sana, kabla hujagusa ile pakiti ya hamira angalia kwanza yote niliyoandika hapa, hamira iwe ya mwisho.

Ili tuelewane, mtambo ninaouongelea ni huu. Chupa ya take away ya lita mbili, ile ya soda, siyo ya maji, maana ya maji ni laini, haikutengenezwa kubeba presha. Sukari robo kilo, soda ya kuokea nusu kijiko cha chai, hamira ya mkate nusu kijiko cha chai, maji ya vuguvugu mpaka pale chupa inapoanza kubana kwenda shingoni, usijaze zaidi ya hapo. Kutoka kwenye kizibo unatoka mpira wa dripu (nunua mpya duka la dawa, usiokote uliotumika hospitali hata kama umeuchemsha), unaingia kwenye chupa ndogo ya nusu lita yenye maji nusu, ncha ikiwa ndani ya maji, halafu mpira wa pili unatokea juu ya hiyo chupa ndogo kwenda kwenye kopo la dripu (kile kikopo angavu ambamo dawa inadondoka tone tone) la kuhesabia mapovu, na kutoka hapo kwenye tangi. Hivyo tu.

Hamna povu hata moja

Kwanza umesubiri muda gani? Gesi lazima ijaze nafasi ya juu ya chupa zote mbili na mpira mzima ndo itoke huku mwisho, na hamira yenyewe inaanza ikiwa chache inazaliana kwanza, kwa hiyo masaa mawili hayatoshi kulalamika. Mi huwa naandaa jioni naangalia asubuhi. Yakipita masaa kumi na mbili bado kimya, hapo kuna tatizo.

Bonyeza chupa kwa mkono. Hiki kitendo cha sekunde moja kinakwambia nusu ya habari. Ikiwa ngumu kama soda ambayo haijafunguliwa, basi gesi ipo imezibiwa njiani: angalia kile kigurudumu cha dripu cha kubana mpira utakuta kimefungwa, au mpira umekunjika nyuma ya tangi, au jiwe la hewa (kijiwe chenye vitundu cha kutoa mapovu) kwenye ncha limeziba. Fungua taratibu. Ikiwa laini, weka sikio karibu na chupa. Ukisikia kale kamchemko, kama soda iliyomiminwa kwenye glasi, hamira iko hai na gesi inatengenezwa, ila inavuja. Usiposikia chochote na maji yametulia kama chai iliyopoa, hamira ndo mgonjwa.

Kuvuja ndo ugonjwa mkubwa kuliko yote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Chukua sabuni ya kuoshea vyombo, koroga na maji kidogo, paka kwa kidole kwenye kizibo na kila kiungo huku mwenzako anaminya chupa. Panapovuja povu linavimba lenyewe. Au zamisha kichwa cha chupa kwenye ndoo ya maji uminye uone mapovu yanatokea wapi. Nimeshafanya hivi kwa matangi ya jamaa zangu Kirumba, Nyegezi mpaka Igoma, na sehemu zinazovuja ni zilezile.

Ya kwanza ni tundu la kizibo. Watu wanatoboa tundu kubwa, wanapitisha mpira unacheza, halafu wanajaza supaglu. Ile gundi haishiki vizuri kwenye plastiki ya kizibo, ikikauka inakuwa ngumu na presha ikija inabanduka kama gamba la kidonda. Fanya hivi: pasha msumari mwembamba kuliko mpira wako, toboa, halafu kata ncha ya mpira mshazari iwe imechongoka, ipenyeze, uivute kwa plaizi kutokea upande wa ndani. Itagoma, vuta. Mpira ukipita pale unaminywa na tundu lenyewe na huo mbano ndo unaozuia gesi, gundi ni ya ziada. Ukitaka kuweka, weka silikoni ndani na nje na uiache siku nzima ikauke, siyo saa moja.

Ya pili wengi hawaijui kabisa. Dripu nyingi zina kitundu cha kuingizia hewa pale juu karibu na ule mwiba mnene wa kuchomea kwenye chupa ya maji ya dripu, kina kifuniko kidogo cha rangi. Hospitali kile kina kazi yake, kwako ni tundu la kuvuja. Kizibe na silikoni. Na chini karibu na mwisho wa dripu kuna kile kimpira laini cha kuchomea sindano, kikate ukitupe, unganisha mpira bila hicho.

Halafu kuna wanaoliweka kopo la dripu kama linavyokaa hospitali, gesi inaingilia juu kwa mwiba. Gesi itayasukuma maji yote yatoke chini na hutahesabu kitu. Kopo lisimame vilevile ila gesi iingilie chini kupitia ule mpira mrefu, ipande kwenye maji povu moja moja, itoke juu kwa mwiba kwenda kwenye tangi. Ukilipatia unaliona lile povu linajikusanya pale chini, linanenepa, linaachia, linapanda. Mi naweza kukaa nikaliangalia hata nusu saa.

Hamira mgonjwa sasa. Sababu kubwa ni maji ya moto. Mtu anachemsha maji sukari iyeyuke, sawa, ila anatia hamira yakiwa bado yanaunguza. Chovya kidole, kama huwezi kukiacha humo ukahesabu mpaka ishirini bila kuumia, na hamira haiwezi. Sababu ya pili ni pakiti ya zamani au iliyofunguliwa ikakaa kabatini na unyevu. Usibahatishe, tia kidogo kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu na kijiko cha sukari, ndani ya robo saa inatakiwa iumuke ifanye povu juu. Isipoumuka hata mkate haiwezi kuumua.

Inatoka kwa fujo siku tatu halafu inakufa

Hii ndo kesi ya waongeza hamira. Hesabu yake iko hivi: hamira inakula sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari inageuka gesi na nusu nyingine inageuka pombe. Robo kilo ya sukari ikiliwa yote inatoa karibu gramu 125 za gesi, basi, hiyo ndo akiba yako yote. Ukitia nusu kijiko cha hamira akiba inatoka taratibu wiki mbili hivi, ukitia vijiko vitatu inatoka kwa siku tatu nne na tangi linazidiwa siku hizo halafu linabaki na njaa. Hamira zaidi haikupi gesi zaidi, inakupa gesi ya haraka. Na hata hiyo nusu kijiko inazaliana yenyewe humo ndani, kwa hiyo usione ni kidogo.

Na usije ukasema basi naongeza sukari nusu kilo idumu mwezi. Pombe ikifika asilimia kumi na kitu hamira ya mkate inachoka na kufa, sukari inabaki bila wa kuila. Ndo maana nakwambia robo kilo kwa chupa ya lita mbili.

Ikikata, fungua chupa unuse, pua itakwambia. Harufu kali ya pombe bila utamu: sukari imeisha, kazi imekwisha vizuri, badilisha. Harufu ya sharubati tamu na pombe kidogo tu: hamira ilikufa mapema, ama joto ama pakiti mbovu. Harufu ya siki: wadudu wengine wameingia, mwaga yote, osha chupa na maji ya moto kiasi na uanze upya. Nusa tu, usionje, na waambie watoto na watu wa nyumbani hayo siyo maji ya kunywa, maana chupa ni ya soda na rangi yake inafanana na juisi. Mi nimeandika kwa maka peni SI YA KUNYWA na nimeiweka juu wasikofika.

Wakati wa kubadilisha usioshe ile machicha ya chini. Mwaga pombe yote, bakiza yale machicha kama vijiko viwili, tia sukari na maji mapya. Hamira iliyo humo imeshazoea, gesi inarudi ndani ya saa moja au mbili badala ya usiku mzima. Fanya hivyo mara tatu au nne, baada ya hapo anza na hamira mpya.

Mchana nyingi, usiku kidogo, au kinyume

Joto. Hamira inaenda na joto la chumba, na nyumba zetu nyingi ni bati bila dari, saa nane mchana mle ndani unajua mwenyewe, halafu Juni na Julai upepo wa ziwa usiku unaleta kaubaridi ka kujifunika. Chupa iliyokaa juu ya kabati karibu na bati au dirishani inapigwa mapovu manne kwa sekunde mchana na usiku inalala. Weka chupa ndani ya ndoo yenye maji, chini, kona isiyopigwa jua. Maji ya ndoo hayapandi wala kushuka joto haraka na chupa inatulia. Hii peke yake imenisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

La pili ni kuwa na chupa mbili zinazopishana, unaunganisha zote kwenye ile chupa ndogo ya katikati, unabadilisha moja kila wiki. Moja ikiwa inaisha nyingine iko kwenye nguvu, kwa hiyo tangi halioni tofauti. Kama mna tangi chini ya lita arobaini chupa mbili zitazidi, tumia za nusu lita na upunguze vitu vyote kwa uwiano huohuo.

Nasisitiza utulivu kwa sababu gesi inayopanda na kushuka ndo inaleta ule mwani mweusi kama ndevu kwenye kingo za majani na kwenye filta. Ukiuona huo usikimbilie dawa. Hesabu mapovu asubuhi na jioni kwa siku tatu uandike, nina uhakika utaona namba zinaruka. Mimea inazoea kiasi kidogo kinachokuja kila siku, ila kiasi kikubwa cha leo na sifuri ya kesho hakizoeleki.

Ute mweupe kwenye ncha ya mpira, maji kama ya mchele

Ute kidogo kama kamasi kwenye kijiti cha mti au mwanzi ulichochomeka kwenye ncha ya mpira kupasua povu wiki ya kwanza ni kawaida, ni bakteria wanakula kilichomo kwenye mti, konokono watausafisha au utoe mwenyewe kwa mswaki. Ila kama maji ya tangi zima yamepauka na yana harufu ya mkate, basi povu la hamira limevuka likaingia kwenye tangi. Ama ulijaza chupa mpaka shingoni, ama uliitikisa, ama huna ile chupa ndogo ya katikati. Badilisha maji nusu leo na nusu kesho kutwa, ongeza hewa, maana bakteria wanaokuja kula ile sukari ndo wanaomaliza oksijeni ya samaki. Na weka hiyo chupa ndogo, nusu lita tu, haina gharama yoyote, zimejaa kila mahali.

Mapovu yapo, mimea haibadiliki

Hapa ndo watu wanakata tamaa. Angalia povu likitoka kwenye ncha linafanya nini. Kama ni kubwa kama punje ya hindi na linapanda moja kwa moja mpaka juu linapasuka, ile gesi haijaingia kwenye maji, imeenda sebuleni. Povu linatakiwa liwe dogo na likae ndani ya maji muda mrefu.

Jiwe la hewa la kawaida linatoa mapovu makubwa mno. Yale madifyuza (vifaa vya kupasua gesi iwe mapovu madogo) ya kauri ya dukani yanatoa ukungu mzuri ila yanataka presha ya mtungi, ukiyaweka kwenye hamira presha inarudi nyuma inatafuta kizibo na unaanza kuvuja mahali palipokuwa hapavuji. Njia yangu ni kuingiza ncha ya mpira kwenye mdomo wa filta ya ndani, pale inapovutia maji, panga la pampu linalikatakata povu linatoka kama vumbi upande wa pili. Njia nyingine haihitaji hata umeme: kata kitako cha chupa ndogo au chukua kikombe cha plastiki angavu, kigeuze chini juu ndani ya maji, kishikize, gesi ikae chini yake kama hema. Pale gesi inapogusana na maji inayeyuka polepole. Kikijaa inamwagika pembeni, basi ujue imetosha.

Halafu angalia juu ya maji. Kama filta inarusha maji kama bomba la mtaani au mashine ya hewa inawaka mchana kutwa, unaingiza gesi huku na kuifukuza huku. Mchana uso wa maji uwe na mawimbi madogo tu. Mashine ya hewa iwake usiku.

Kujua kiasi kilichoingia, kuna kale kakichupa ka kioo kanakoning'inia ndani ya tangi na kimiminika cha rangi. Bluu ni kidogo, kijani ni karibu miligramu 30 kwa lita ambayo ndo tunayoitaka, njano ni hatari kwa samaki. Kanachelewa saa moja mpaka mbili kubadilika kwa hiyo usikaangalie dakika tano baada ya kuunganisha. Kama una vipimo vya pH (uchachu wa maji) na KH (kaboneti iliyomo kwenye maji, inayozuia pH isishuke haraka) unaweza kukadiria: pH ikiwa 7 zidisha KH mara tatu, na kiasi kinapanda pH ikishuka; kwa KH ya 3 ukiwa na pH 7 una kama miligramu 9, ikishuka mpaka 6.5 una kama 28. Na sisi wa hapa maji yetu yanatoka ziwani, ni laini, KH yake iko chini, kwa hiyo pH inashuka haraka ukianza kuweka gesi, haina ubishi kama maji ya visima vyenye chumvi. Ikikutisha weka kamfuko ka makombe yaliyopondwa kwenye filta, yanayeyuka kidogo kidogo na kuinua KH. Maji ya bomba kumbuka yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza.

Na kama gesi iko sawa, kijani kabisa, mimea bado imekaa tu, basi siyo gesi. Taa inawaka masaa mangapi? Masaa nane yanatosha kwa kuanzia, tumia taima. Majani yakiwa ya njano mapya yakiwa yamepauka, ni njaa ya mbolea. Gesi inaongeza kasi ya kukua na mmea unaokua haraka unakula zaidi, ni kama kijana wa form two, huwezi kumwongezea mpira wa miguu ukampunguzia ugali.

Filta inakoroma

Kama umeingiza mpira kwenye mdomo wa filta, gesi ikizidi inajikusanya ndani, panga linazunguka kwenye hewa, unasikia krrr krrr, maji yanatoka kwa kushtuka shtuka. Iinamishe filta gesi itoke, halafu sogeza ncha ya mpira ikae sentimita mbili mbali na mdomo ili ivute baadhi tu. Ikirudia, mapovu yako ni mengi mno kwa tangi lako.

Samaki wanahema juu

Hii nimeipitia mwenyewe. Niliweka chupa mbili mpya siku moja, zote mbili, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona mimea inatoa vile viputo vya oksijeni kwenye majani. Jioni ilikuwa nzuri mno. Usiku umeme ukakatika, filta ikasimama, maji yakatulia kama kioo, na hamira haijui umeme umekatika, iliendelea. Saa kumi na moja alfajiri namulika na tochi ya simu nakuta gapi (wale samaki wadogo) wamejipanga juu wote wamegusa uso wa maji, mashavu yanaenda mbio, na wanne wako chini kwenye mchanga wameshalala ubavu. Nilichota maji kwa kikombe mpaka mkono ukafa ganzi. Waliobaki walipona. Wale wanne hapana, na ilikuwa haraka yangu mimi iliyowaua.

Kwa hiyo elewa hivi. Mimea inatumia CO2 wakati wa mwanga tu. Usiku yenyewe inatoa CO2 na inatumia oksijeni pamoja na samaki, na chupa yako haina swichi. Alfajiri ndo muda mbaya kuliko wote, ukitaka kujua tangi lako liko salama liangalie kabla ya taa kuwaka. Tiba: mashine ya hewa iwake taa zikizima, kila siku, siyo siku ukikumbuka. Kwa kukatika kwa umeme nunua ile mashine ndogo ya betri, au kama huna, umeme ukikatika usiku amka uchomoe mpira kwenye tangi uning'inize nje, gesi ipotelee hewani. Hasara ya gesi ya usiku mmoja siyo kitu. Na chupa mpya anza na moja, ongeza ya pili baada ya wiki.

Nimeona watu wanafunga kigurudumu cha dripu usiku ili "kuhifadhi" gesi. Usifanye hivyo kwenye hamira kamwe. Gesi inaendelea kutengenezwa, chupa inavimba, na asubuhi ama kizibo kimeruka ama sebule nzima ni sukari na pombe mpaka kwenye kochi. Kwa sababu hiyohiyo usitumie chupa ya kioo hata siku moja, kioo kikipasuka kwa presha kinakata. Ukikuta chupa imevimba na ni ngumu kama jiwe usifungue kizibo ghafla, funika na taulo, legeza robo mzunguko, sikiliza ipumue, legeza tena.

Maji ya tangi yamerudi kwenye chupa

Chupa ikipoa au hamira ikichoka presha inashuka, maji yanarudi nyuma kwenye mpira, na kama chupa iko chini kuliko tangi yakianza kurudi hayaachi, yanafyonzwa. Pia inatokea ukifungua chupa kuibadilisha ukasahau kutoa ncha kwenye maji, hapo ndani ya nusu saa una bwawa sakafuni. Kuna valvu ndogo ya njia moja ya kuzuia maji yasirudi, iweke karibu na tangi, mshale uelekee kwenye tangi. Ipulize kwa mdomo kabla ya kuifunga: upande mmoja inapita, upande mwingine inagoma. Zile za bei rahisi zinakwama baada ya miezi michache kwa hiyo ipulize tena kila unapobadilisha chupa. Bila valvu, pitisha mpira juu kabisa kuliko uso wa maji ndo ushuke kwenye chupa, itakusaidia kiasi, na zoea kutoa ncha kwanza ndo ufungue chupa.

Wanaouliza kuhusu siki na soda ya kuokea badala ya hamira: inachemka dakika chache imekwisha, haifai. Sitriki asidi na soda ya kuokea inafaa, uwiano ni karibu 3 kwa 4 kwa uzito, na unaweza kuifunga usiku tofauti na hamira, ila inataka kizibo maalumu chenye geji na valvu ya kurekebisha maana presha yake ni kubwa na inakuja haraka. Usiijaribu kwenye mpira wa dripu na kizibo cha kutoboa na msumari.

Mimea ya ziwani inayeyuka

Wengi tunaanza na mimea ya bure kutoka ziwani, ile ya majani marefu kama utepe na ile yenye majani kama mkia wa paka isiyo na mizizi, na ni mizuri kweli. Ikiletwa nyumbani wiki ya kwanza majani yanageuka kahawia na kuyeyuka, mtu anadhani gesi imeiua. Siyo gesi, mmea umebadilishiwa maji na mwanga, unaacha majani ya zamani unatengeneza mapya. Kata yaliyooza, acha kitovu cha mmea nje ya mchanga, usiing'oe kila siku kuangalia mizizi, mpe wiki tatu.

Ila wakati wa kuichukua, tafadhali. Ziwa letu lina kichocho, na wale konokono wadogo wanaokibeba wanakaa hasa kwenye majani ya ufukweni, palepale unapotaka kuchuma. Usiingie majini bila buti, vaa glavu ndefu za mpira, ukifika nyumbani loweka mimea kwenye ndoo siku kadhaa ukitoa kila konokono na yale mayai yao ya ute, maji ya ndoo hiyo usiyaguse mikono mitupu na uyamwage kwenye mchanga mkavu wa juani, siyo kwenye mtaro ambao watoto wanachezea. Kama umeshaingia majini huko nyuma bila kinga, nenda ukapime, dawa yake ipo.